Miguu Niliyoichora kwenye Kioo

Tulipomzika Opiyo, kule kwao kando ya ziwa, mwanawe wa kwanza aliniletea kipaza sauti mahali nilipokaa na kuwaambia waombolezaji kwamba mzee huyu kutoka Nyamira alifanya kazi na marehemu enzi za gari la sinema. Nilisimama nikaegemea fimbo yangu. Niliwasimulia jinsi Opiyo alivyokuwa akiendesha lile gari kwenye matope ya Kisii huku akiimba nyimbo za kanisa, na jinsi tulivyokuwa tukiwaonyesha watu vichekesho nilivyochora mwenyewe kwenye vioo, na nikawasimulia vile ambavyo havikuchekesha mtu. Walicheka vizuri. Hata mjane alitabasamu ndani ya leso yake. Kisha msichana mmoja wa kwaya akauliza kwa sauti, "Na ile iliyochekesha kuliko zote, Mzee, ilikuwa gani?" Nikamjibu kwamba nimesahau, nikarudi kukaa. Sikuwa nimesahau. Wala si siri, maana kwetu kila mtu wa rika langu anaijua, na kama hawaisemi ni kwa adabu yao tu. Nilinyamaza kwa sababu masikio yangu yalishaanza kupata moto, kama yanavyopata moto sasa hivi ninapoandika, na mimi ni mtu wa wajukuu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka shule nikiwa na sifa moja tu, kwamba mkono wangu unajua kuchora, na serikali ilikuwa inatafuta mtu wa namna hiyo mjini Kisii. Walinipa chumba nyuma ya ofisi ambacho zamani kilikuwa ghala la pareto. Yale maua yalikuwa yametolewa lakini harufu yake ilibaki kwenye mbao, na siku za jua ilinikaa kooni mpaka jioni. Kulikuwa na meza, dirisha lisilofungika, na sanduku la vioo vidogo vya ukubwa wa kiganja. Nilivisugua kwa majivu na maji, nikavikausha, nikachora juu yake kwa kalamu ya chuma na wino, kisha nikatia rangi. Kioo kiliingizwa kwenye taa ya picha, taa ikatupa ile picha kwenye shuka jeupe, na mtu niliyemchora akiwa mdogo kama kidole akasimama pale mrefu kuliko mlango wa kanisa. Vioo vinne au vitano vilitosha kwa kichekesho kimoja. Na nilijifunza ujanja mmoja ambao nilijivunia kupita kiasi: ukipachika kioo juu ya kingine, kimoja kina mwili na kingine kina mdomo, halafu ukakisogeza kile cha juu huku na huku, yule kiumbe anatafuna.

Kazi ya vichekesho ilikuwa kuwakalisha watu. Afisa wetu, Mzungu mwenye haraka, alikuwa na filamu ya kuchimba matuta ili mvua isichukue udongo, na alikuwa amechoka kuwaona watu wakiinuka katikati yake. Aliniambia nichore kitu cha kuwachekesha kwanza. Akanipa gazeti la kwao lenye picha za mtu mnene akikanyaga ganda la ndizi na kuanguka, nami nikazinakili kwenye vioo bila kufikiri, nikaenda navyo Nyamache siku ya soko. Giza lilipoingia tukafunga shuka kati ya miti miwili. Mtu wangu mnene akaja, akakanyaga, akaruka juu, akaanguka. Kimya. Mtu mmoja mbele akauliza, "Hilo ganda limeachwa hapo na nani?" Mwenzake akamjibu kwamba hata yeye anashangaa, maana ng'ombe wangekuwa wameshalila. Mwanamke mmoja akataka kujua mtu mnene namna ile anafanya nini barabarani kwa miguu. Wakaendelea kujadiliana kwa heshima, wakakubaliana kwamba pale lazima pawe mahali pasipo na ng'ombe, wakawahurumia watu wa huko. Nilikuwa nimesimama kando ya taa nikatamani mafuta yaishe.

Asubuhi yake Opiyo alinikalisha kwenye hoteli ya chai pale Kisii, penye benchi refu na mandazi yaliyolala tangu jana, akanifundisha kazi. Yeye ndiye aliyekuwa dereva na fundi wa taa, mtu wa makamo, mlokole, na Kiswahili ndicho tulichoelewana nacho maana Ekegusii changu hakukijua na Kijaluo chake sikukijua. "Wewe unaangalia picha," aliniambia. "Hiyo ni makosa. Picha umeichora, unaijua. Mimi nikishaweka kioo, naenda nyuma ya shuka, naangalia watu. Mwanga inawapiga kwa uso, naona kila meno." Akaniambia kwamba kuna kicheko cha meno, ambacho mtu anakutolea kwa sababu umetoka mbali, na kuna kicheko cha tumbo. "Ile ya meno, tupa. Ukipata tumbo, shikilia." Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yetu. Yeye kati ya taa na nyuma ya shuka, mimi nikichanganyika na watu gizani kusikia wanachonong'ona, na asubuhi tunalinganisha juu ya chai. Kama mtu aliuliza swali badala ya kucheka, kioo kile nilikiosha. Nilivunjika moyo mara nyingi, lakini polepole nikaanza kupata. Kinyozi aliyesinzia akinyoa walimcheka. Karani aliyejifungia nje ya ofisi yake walimcheka sana.

Lakini mkosoaji wangu mkubwa alikuwa Magokoro, ndivyo tunavyomwita bibi, mama yake baba. Kila mwisho wa juma nilipanda kurudi nyumbani upande wa Nyamira, nikaingia jikoni kwake nikiwa na michoro ya karatasi kifuani. Jiko lake lilikuwa la giza na la moshi, na ukuta wa juu ya moto uling'aa kwa masizi. Angenipa obokima, ule ugali wa wimbi, na saga, mboga chungu zilizotiwa maziwa, na nikiwa nimejaza mdomo yeye anaziinua karatasi zangu kuelekea kwenye moto, moja moja, na kuzishusha. "Huyu ana njaa gani?" angesema. "Hata kuanguka hajui." Au, "Huyu mwanamke wako mtungi ameubeba kama mtu aliyeazima kichwa." Hakuwa na huruma hata kidogo. Na mambo mengine aliyonieleza siwezi kuyaandika, kwa sababu kwetu bibi na mjukuu wana ruhusa ya kutaniana kwa maneno ambayo mama yangu, akiwa nje anapepeta, alijifanya kiziwi asiyasikie. Mama angeweza hata kuondoka zake akaenda kutafuta kuni ambazo hazikuhitajika.

Hapo ndipo panapotakiwa maelezo, kwa msomaji asiye wa kwetu. Kuna kitu tunachokiita chinsoni. Ni haya, lakini si haya ya mtu aliyekosa, ni haya ya heshima iliyowekwa kati ya mzazi na mtoto, na kati ya mtu na wakwe zake. Bibi na mjukuu wako huru. Baba na mwana hawako huru. Mwana akishatahiriwa hatanii mbele ya baba yake, hataji mambo ya mwili, hamtazami akioga, hamtazami hata akivaa. Kizazi kimoja kinaruka kingine ndipo kicheke. Hakuna aliyenifundisha haya kwa maneno, kama ambavyo hakuna anayefundishwa kutoweka mkono motoni. Niliyajua, na nilidhani kuyajua kunatosha.

Jumapili moja ya mvua ya mawe, tulipokuwa tumefungiwa jikoni na kelele za mabati ya jirani, Magokoro akanisimulia kisa cha mumewe. Babu alikufa nikiwa mchanga, simkumbuki. Alikuwa ameshuka mtoni kuoga, akaitundika suruali yake kwenye kichaka, suruali ya kwanza kuonekana katika ukoo wetu, zawadi kutoka vita vya Wajerumani, na mbuzi akaja akaanza kuila. Babu akatoka majini amekamata jani la mgomba, huku akimbembeleza yule mbuzi kwa maneno matamu, na kwenye njia wanawake wanashuka na mitungi. "Mchore," Magokoro aliniamuru. Nikachora pale pale kwa mkaa. Akasema hapana, tumbo liwe dogo. Akasema hapana, babu yako miguu yake haikukutana, kati ya magoti angepita mwanakondoo. Nikaipinda. "Zaidi." Nikaipinda zaidi, na kidole cha mguu wa kulia kikatazama nje. Akaitazama ile karatasi muda mrefu, kisha akacheka mpaka akashika nguzo ya nyumba, mpaka machozi, akasema, "Ni yeye! Ni yeye anashuka mtoni!" Nilijiona nimefika. Nilikuwa nimepata tumbo, tena tumbo la mtu mgumu kuliko wote niliowajua.

Mtu akiniuliza leo kwa nini sikuona, nitamjibu kwa kweli. Miguu ile ilikuwa pia miguu ya baba yangu. Aliirithi yote, magoti na kidole. Kila mtu kwetu alimtambua kutoka mlima wa pili kwa namna alivyotembea. Mimi niliyekaa naye boma moja maisha yangu yote sikuitambua, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamefunzwa kutoshuka chini ya ukosi wa shati la baba. Ningeweza kukuchorea masikio yake bila kukosea. Na Magokoro naye alimwona mumewe tu. Mwanawe hakumjia akilini, na sidhani kama mwana humjia mama yeyote akilini kwa njia hiyo.

Nikachora vioo vyenyewe kwa uangalifu kuliko vyote vya mwaka huo. Mtu nilimweka kwa nyuma, na jani likafunika panapopaswa kufunikwa, kwa hiyo nilijihesabu mtu wa adabu. Mbuzi nikamtengenezea mdomo wa kusogezwa. Tulikionyesha kwanza Nyamarambe, na sijawahi kusikia kitu kama kile. Vikongwe waliokaa mbele na wajukuu walianza, vijana wakafuatia kutoka nyuma, na mbuzi alipotafuna, kelele zilipanda mpaka sauti ya jenereta ikamezwa. Opiyo aliiacha taa akaja kunishika bega. Kwenye ukingo wa ule umati niliona watu wazima kadhaa wakiondoka, wanaume wa umri wa baba zetu, kila mmoja akienda upande wake bila kumwangalia mwenzake. Opiyo pia aliwaona. "Wale wameenda kwa nini?" aliuliza. Nikamwambia labda wanaishi mbali. Mwenye kusifiwa hasikii vizuri.

Kisha zamu ya soko letu la nyumbani ikafika. Habari zilikuwa zimenitangulia, kwamba mtoto wa fulani anawachekesha watu mpaka Nyamarambe, na baba yangu, tata kwa lugha yetu, ambaye hakuwa mtu wa kujisifu, alijiruhusu mara moja. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya matuta. Akawaalika wakwe, watu wa mume wa dada yangu, waje waone kazi ya kijana. Mama aliwapikia kuku na ndizi, na nikiwa nje nasaidia kubeba benchi nilisikia tata akimwambia mkwe mwenziwe, kwa sauti ya kujifanya hajali, "Ni vipicha tu. Lakini wanasema vinatembea." Nilibeba benchi lile kama halina uzito. Tata alivaa koti lake la kanisani. Waliketi mstari wa mbele, kwenye viti vilivyotolewa darasani, tata katikati na wakwe pande zote mbili, na nyuma yao umati wa watu wanaomjua tangu azaliwe.

Kioo cha kwanza, mto na kichaka na suruali. Watu wakaguna kwa furaha. Cha pili, mbuzi anachungulia, wakacheka. Cha tatu, mtu anatoka majini kwa mgongo, mrefu kuliko mlango wa kanisa, na miguu yake. Nilikuwa nimeshasogea katikati ya watu kama kawaida yangu, kusikiliza. Sikusikia kitu. Si kimya cha Nyamache, cha watu wanaotafuta ng'ombe wako wapi. Hiki kilikuwa cha watu wanaozuia pumzi. Kikongwe mmoja alicheka peke yake, mara moja, na mtu akamgusa, akanyamaza. Karibu yangu mwanamke akanong'ona, "Mungu wangu, ni nani amefanya hivi?" na mume wake akamjibu, "Ni mtoto wake." Ndipo nikainua macho kwenye shuka nikaiona miguu, kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikamtazama baba yangu chini ya kiti chake, ambapo mwanga ulirudi kutoka kwenye shuka ukamwangukia magotini. Alikuwa ameyabana kwa mikono yake yote miwili, akijaribu kuyakutanisha.

Opiyo hakuelewa. Aliendelea kumtafunisha mbuzi huku na huku, akiongeza mwendo, akidhani amekosea mahali, mpaka nilipofika nikakichomoa kioo kwa vidole vitupu na kuungua. "Ndugu yangu, nini imetokea?" alininong'oneza. Sikuwa na Kiswahili cha kumwambia. Nikamwambia aweke filamu. Na hapa ndipo aibu yangu inapolala mpaka leo, kuliko hata pale kwenye picha. Mtu mwingine yeyote angeinuka akaondoka. Tata hakuweza. Ili atoke pale katikati ya mstari ilimpasa akatize mwanga, na kivuli chake kingetembea kwenye shuka, kwa mwendo ule ule, mbele ya wakwe na kijiji kizima. Kwa hiyo alikaa. Alikaa filamu yote ya matuta, akitazama wageni wakichimba udongo wa mahali pengine, huku wakwe wakiaga mmoja mmoja kwa sauti ndogo, wameinamisha vichwa, wakitokea pembeni, nje ya mwanga. Taa ilipozimwa na watu wakaisha, bado alikuwa amekaa. Nilisimama nyuma yake, hatua chache tu, na sikumwita. Ningesema nini? Kuomba msamaha ni kulitaja jambo, na kulitaja ni kumvua mara ya pili. Nikapanda gari nikarudi Kisii.

Swali lililobaki likawa moja tu, kama baba yangu ataweza tena kuwa baba yangu. Sisemi kupendwa, nasema kuketi na mimi chini ya paa moja na kula. Kwa miezi haikuwezekana. Nilipopanda nyumbani, nilimkuta ametoka. Chakula changu kilikuwa kwa Magokoro, naye alinipa bila kuniuliza nimechora nini, akikaa na kichwa ameshikilia, akisema, "Ni mimi, ni mimi niliyekuambia upinde." Nilimwambia si yeye. Mama ndiye aliyenieleza, akiwa anaosha vyungu na mgongo amenipa, kwamba tata ameacha kamati, haendi soko, na kanisani anafika wa kwanza akiondoka wa mwisho. Tena alikuwa amenunua koti la mvua, refu mpaka vifundoni, na hulivaa hata jua likiwaka. Nilimwona nalo siku moja kutoka mbali, akikata majani ya ng'ombe saa sita mchana, jasho likimtiririka. Hakukuwa na mawingu popote. Nilijificha nyuma ya migomba mpaka akapita, nikiwa mtu mzima mwenye mshahara.

Na kazini hapakuwa na nafuu. Nilimwomba afisa vile vioo vivunjwe, akaniuliza kama nimepatwa na homa. Hivyo ndivyo vioo bora tulivyokuwa navyo. Nilipokataa kwenda navyo, Opiyo alitumwa peke yake, na kwa wema wa moyo wake aliniletea habari kila asubuhi pale hotelini, maana ndivyo tulivyofundishana. "Nyamache wamecheka mpaka mama mmoja amekalia kikapu yake ya mayai." "Kule Nyamarambe wameitisha mara ya pili." Kila alichonipa kilikuwa ndicho nilichokuwa nikikitamani mwaka mzima, na sasa kila tumbo lililocheka lilikuwa linamcheka tata. Siku moja nikamweleza yote. Opiyo akaisukuma chai yake kando. Kwao pia kuna wakwe, kuna heshima. "Kwa nini hukuniambia?" alisema. "Mimi nilikuwa natafunisha huyo mbuzi. Mkono ni yangu." Wiki hiyo sanduku la vioo lilianguka kutoka kwenye gari mahali fulani penye mawe, na Opiyo akakatwa mshahara kwa uzembe. Hakuwahi kuniambia zaidi ya hapo, nami ndiye niliyesimama mbele ya jeneza lake nikidai nimesahau.

Mwisho wa mwaka tatamoke, baba mdogo, alinitafuta mjini. Alizungumza kuhusu mvua, bei ya kahawa, afya ya ng'ombe, mpaka chai ikapoa, kisha akasema wazee wamekaa na kwamba kuna mnyama wa kuchinjwa. Nikauliza kama ni mbuzi. Akanitazama. "Kwa jambo hili," akasema, "afadhali kondoo." Sote wawili tulikaza midomo tusicheke, na nikaona aibu kwamba nilitaka kucheka. Siku ile tulikula kutoka chombo kimoja, mimi na tata, bila neno hata moja kutajwa. Aliupokea mkono wangu. Aliniuliza kama barabara ya Kisii imekauka. Nikamjibu imekauka. Niliacha ile kazi nikaenda kusomea ualimu, na sikuchora tena mtu, ila ramani na mioyo ya vyura ubaoni. Na tata aliendelea kuvaa koti la mvua. Tulikuwa tumepatana, kila mtu alisema hivyo, lakini mtu anayevaa koti la mvua juani mbele ya mwanawe hajapatana naye, na nililijua hilo kila nilipokwenda kumsalimu.

Ilipita miaka. Nilioa, nikapata Moraa, naye akawa mtoto wa jikoni kwa babu yake, maana tata alimwita "mke wangu", kama ilivyo desturi ya babu na mjukuu wa kike, na wakagombana kama watu wa ndoa. Alasiri moja nilikuwa napanda kwa wazazi wangu na sukari na sabuni, mvua ikanikamata mlangoni pa boma. Nilikimbilia chini ya ukingo wa paa la jiko. Ndani nikasikia sauti ya tata, sauti ambayo sikuijua, ya juu na ya kitoto. "Basi yule mbuzi akaanza na mguu wa suruali," alikuwa anasema. "Ndivyo alivyochora baba yako. Lakini baba yako hajui mbuzi. Mbuzi angeanza kiunoni, penye jasho na chumvi. Na kifungo angekitema. Kama angekitema kile kifungo, mke wangu, watu wangekufa kwa kicheko!" Moraa akauliza huyo mtu alitembeaje. Nikasikia kigoda kikisogezwa, kisha kitu kizito kikitupwa kwenye kamba, nguo nene, ile iliyokuwa ikifika vifundoni, na kisha nyayo kwenye sakafu ya udongo, taratibu, akienda na kurudi, akimbembeleza mbuzi asiyekuwepo. Mtoto alicheka mpaka akakohoa. Halafu akamwambia babu yake, "Lakini Sokoro, hivyo ndivyo anavyotembea baba."

"Anatembea hivyo?" tata akauliza. Na Moraa lazima alimwonyesha, kwa sababu nyayo nyingine, ndogo, zilipita, na baba yangu akapasuka kwa kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu nizaliwe, cha tumbo, cha kushika nguzo. Nilitazama chini kwenye matope, nikaiona miguu yangu. Mwana akikaribia nyumba ya mzazi wake anapaswa kukohoa kabla hajaingia, na ningekohoa yeye angenyamaza papo hapo, angechukua koti. Nikajiziba mdomo kwa kiganja, nikasimama mvuani nikamwacha tata acheke.